Bure, Wazi na Huria: Kasoro za Istilahi katika Biashara ya Programu

Ilitufikia mezani rasimu ya tafsiri ya waraka wa ununuzi kutoka ofisi moja ya umma ambayo hatutaitaja. Waraka ulihusu zana za kompyuta ambazo mafundi wa ofisi hiyo wangezitumia kuundia programu, na sisi tuliombwa kuangalia istilahi tu. Katika ukurasa wa kwanza tulikuta sentensi isemayo kwamba zana hizo "ni za bure", na kwa sababu hiyo hazikutengewa fungu la fedha. Katika ukurasa wa nne tulikuta kwamba zana hizo hizo zina "leseni" ambayo ofisi "itaipata" kutoka kwa mtengenezaji. Na katika kiambatisho, mtengenezaji huyo alielezwa kuwa ni kampuni iliyopata "mtaji wa ubia" wa mamilioni ya dola. Msomaji makini angejiuliza papo hapo: wabia hao wa mamilioni wanakula nini, ikiwa bidhaa ni ya bure? Mfasiri hakujiuliza, wala hatumlaumu sana, maana maneno aliyoyatumia ndiyo yaliyoenea magazetini na maofisini. Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno hayo.

Hoja yetu ni hii. Istilahi tulizo nazo zimeundwa kwa kutazama kile ambacho kampuni za namna hii hukitoa, ilhali fedha zao hupatikana katika kile wanachokibakiza. Mfasiri asipokionyesha kilichobakizwa, msomaji wake hupata nusu ya habari, na aghalabu ile nusu isiyo na gharama.

Tuanze na neno bure. Katika Kiswahili neno hili lina maana mbili zilizo jirani: kitu kisicholipiwa, na kitu kisichofaa. Twasema fulani amepewa bure, na twasema pia amehangaika bure. Mwaka 1983, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika Massachusetts Institute of Technology, alipoutangaza mradi wake wa GNU, lugha yake ilimpa neno moja tu la kusemea uhuru na kutolipa kwa pamoja. Tangu hapo yeye na wenzake wamelazimika kueleza kila mara kwamba wanakusudia uhuru: uhuru wa kuitumia programu, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Mwezi wa Februari 1998 watu wachache waliokutana Palo Alto, California, walibuni jina jingine, lile ambalo sisi twaliita chanzo huria, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba jina la kwanza liliwatia hofu wafanyabiashara. Yaani wenye lugha yao walihangaika miaka 15 kwa kukosa maneno mawili. Kiswahili kinayo yote mawili tangu zamani. Ni ajabu, basi, kwamba wafasiri wetu wanauchukua utata ambao lugha yetu haina, na kuuingiza humo kwa hiari yao wenyewe.

Neno huria limekwisha zoeleka katika matumizi ya dola na ya umma. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na mwanafunzi wake hulipa ada. Kilicho huria ni mlango wa kuingilia na namna ya kusoma. Soko huria ni soko ambalo muuzaji hapangiwi bei, wala hakuna aliyewahi kudhani kwamba bidhaa zake hazilipiwi. Walimu wanaosoma kurasa hizi watakumbuka jambo linalofanana na hili. Tangu Januari 2016, ada ilipoondolewa katika shule za serikali za Tanzania hadi kidato cha nne, nyaraka zilisema "elimu bila malipo" na watu wakasema "elimu bure", na mwalimu mkuu ndiye aliyebaki na kazi ya kumweleza mzazi kwamba sare na madaftari bado ni juu yake. Neno moja lililolegea humpa kazi mtu asiyehusika na kulegea kwake.

Katika programu, kulegea huko kuna gharama ya fedha taslimu. Tuchukue Docker. Zana hii ilitolewa kwa umma mwezi wa Machi 2013, nayo huifunga programu pamoja na vyote inavyovihitaji katika kifurushi kimoja, kama shehena ndani ya kontena, ili iendeshwe kwa namna ile ile katika kompyuta yoyote. Injini yake ni huria hata leo. Kampuni iliyoiunda ilikusanya mamia ya mamilioni ya dola kutoka kwa wenye mitaji, zana ikaenea duniani kote, lakini mapato hayakulingana na umaarufu. Mwezi wa Novemba 2019 kampuni iliiuza sehemu yake ya huduma kwa mashirika makubwa kwa kampuni ya Mirantis. Ikabakiwa na kitu ambacho kila fundi anakijua, Docker Desktop, yaani programu inayomrahisishia kuitumia injini hiyo katika kompyuta yake mwenyewe. Programu hii si huria. Mwezi wa Agosti 2021 masharti yake yalibadilishwa: biashara yenye wafanyakazi zaidi ya 250, au yenye mapato ya zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka, sharti ilipe kwa kila mtumiaji. Wanafunzi na biashara ndogo hawalipi. Asasi za serikali hulipa.

Twaomba watumishi wa serikali waisome tena sentensi hiyo ya mwisho. Fundi wa wizara anayeichukua programu hiyo kwenye intaneti haombwi hata senti moja anapoichukua. Hakuna karani wala risiti. Akisoma katika waraka wake kwamba "Docker ni ya bure", ataiweka katika kompyuta 40 za ofisi bila wasiwasi, na deni litakuwa limekwisha zaliwa kabla ya mtu yeyote kujua kwamba amenunua. Hapa neno bure halijafasiri chochote, limeficha sharti.

Neno la pili ni wazi. Wapo wanaosema "chanzo wazi" na wapo wanaosema "chanzo huria", na waandishi wengi huyachukulia maneno haya kama visawe, hata katika aya moja. (Chanzo hapa ni kifupi cha msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo mtunga programu huyaandika kabla hayajageuzwa kuwa kitu cha kutekelezwa na mashine. Kifupi hiki si kizuri, lakini kimekwisha kita mizizi.) Sisi twaona kwamba kuyafanya visawe ni kupoteza mali. Mlango ulio wazi humwonyesha mpita njia kilichomo ndani. Haumwambii kwamba aruhusiwa kuingia na kubeba.

Kampuni ya GitLab, iliyoingiza hisa zake sokoni New York mwezi wa Oktoba 2021, yaonyesha tofauti hiyo vizuri. Zana yake hutumiwa na watunga programu kuhifadhi msimbo wao, kuujadili na kuupima. Sehemu moja ya zana hiyo ni huria kabisa: yeyote aweza kuichukua, kuibadilisha, hata kuiuza. Sehemu ya pili ni ya kulipia. Lakini msimbo wa sehemu hiyo ya pili nao umewekwa hadharani, na kila mtu aweza kuusoma. Asichoweza ni kuuendeshea kazi zake bila kulipa. Je, tuuite msimbo huo "chanzo wazi"? Ndiyo, kwa maana ya Kiswahili u wazi kabisa. Je, ni huria? La.

Namna hii ya kujipatia fedha, ya kutoa kiini kilicho huria na kukizungushia sehemu za kulipia, twapendekeza iitwe kiini huria. Inafaa mfasiri ajue ni vitu gani huwekwa upande wa kulipia, maana havichaguliwi ovyo. Fundi mmoja au kikundi cha watu watano hupata karibu kila wanachokihitaji upande wa huria. Kinacholipiwa ni kile kinachohitajiwa na taasisi: kuunganisha zana na orodha ya watumishi ili anayeacha kazi afungiwe siku hiyo hiyo, kulazimisha idhini ya mkubwa kabla ya badiliko kupita, kutunza kumbukumbu za nani alifanya nini na lini. Mpaka wa malipo umepitishwa kati ya mtu na taasisi. Na hivyo vinavyolipiwa ndivyo hasa mkaguzi atakavyoviulizia akija ofisini.

Sasa tuje kwenye mtaji. "Mtaji wa ubia" ni tafsiri iliyoenea, nayo kwa maoni yetu ni mbaya. Ubia katika Kiswahili ni kushirikiana katika kazi, faida na hasara. Wavuvi wawili wenye chombo kimoja ni wabia. Mwenye mtaji tunayemzungumzia hapa yu mbali na hilo. Yeye hununua hisa za kampuni changa 20 au 30, akijua tangu mwanzo kwamba nyingi zitakufa, na kwamba moja au mbili hazina budi kurudisha fedha mara nyingi zaidi ya zilizoingia ili kuzilipia zote zilizokufa. Aghalabu mkataba humpa haki ya kurudishiwa fedha zake kabla ya waanzilishi kampuni ikiuzwa. Fedha hizo yeye mwenyewe amezipokea kutoka kwa watu wengine, na kwa kawaida hana budi kuwarudishia katika muda wa miaka kumi hivi. Si mkopo, kwa hiyo hakuna riba. Wala si mali kauli, maana mwenye kupewa mali kauli hudaiwa hata biashara ikiharibika, na huyu hadaiwi. Ni fedha zinazongoja siku moja tu: siku ya hisa kuuzwa sokoni au kampuni nzima kununuliwa.

Wengine wamejaribu "mtaji wa kubahatisha", lakini kubahatisha kumekwisha milikiwa na michezo ya kamari. Sisi twapendekeza mtaji thubutu. Wapo watakaosema kwamba "thubutu!" mitaani ni neno la kumkanya mtu. Kwa mwenye kuupokea mtaji wa namna hii, onyo hilo si baya.

Umuhimu wa istilahi hii u katika yale yanayofuata. Fundi aliyeunda zana kwa fedha zake aweza kuridhika na kipato cha kuwatosha watu kumi. Kampuni yenye mtaji thubutu haiwezi. Hutoa zana iwe huria ili ienee upesi bila gharama ya wachuuzi. Na ikisha kuenea, hutafuta mahali pa kutoza. Njia kongwe ni ada ya mwaka kwa matengenezo na msaada, kama walivyofanya Red Hat hata wakanunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. (Mfasiri wetu aliiita ada hii "uanachama". Mlipaji si mwanachama wa chochote, hana kura wala kadi. Neno ada latosha.) Njia inayoingiza fedha nyingi zaidi siku hizi ni kumwendeshea mteja zana ile ile katika mitambo ya kampuni. Kampuni ya MongoDB, yenye hifadhidata ijulikanayo kwa jina hilo, ilianza huduma yake ya Atlas mwaka 2016, na katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2025 huduma hiyo ilitoa asilimia 70 hivi ya mapato yake yote. Huduma hii huitwa kwa majina mengi yenye neno wingu ndani yake. Kiswahili kina kauli ya kutendewa ambayo yaeleza jambo lenyewe bila mawingu: huduma ya kuendeshewa.

Hapo ndipo mgogoro ulipozuka. Ikiwa msimbo ni huria, basi hata Amazon yaweza kuuchukua na kuwaendeshea watu kwa malipo, na Amazon ina mitambo mingi kuliko kampuni changa yoyote. Mojawapo ya masharti ya uhuria ni kwamba hakuna anayebaguliwa, hata tajiri. Kampuni zilipoona hivyo, zikaanza kubadilisha masharti: MongoDB mwaka 2018, Elastic mwaka 2021, HashiCorp mwaka 2023, Redis mwaka 2024. Elastic na Redis baadaye zilirudisha chaguo la huria, ya kwanza mwaka 2024 na ya pili mwaka 2025.

Tutazame HashiCorp, kwa kuwa hapo istilahi zetu zote huanguka kwa pamoja. Zana yake ya Terraform, iliyotoka mwaka 2014, humwezesha fundi kuandika katika faili orodha ya seva na mitandao anayoitaka, kisha zana yenyewe ikavitayarisha vyote kwa makampuni yanayokodisha mitambo. Kampuni iliingiza hisa zake sokoni Desemba 2021. Katika mwaka ulioishia Januari 2024 ilikuwa na mapato ya dola milioni 583, na bado ilikuwa ikipata hasara. Mwezi wa Agosti 2023 ilitangaza kwamba matoleo yajayo ya zana zake hayatakuwa tena chini ya masharti ya huria, bali chini ya masharti mapya: msimbo utabaki hadharani, kila mtu aweza kuutumia, isipokuwa anayeutumia kushindana na kampuni, na kila toleo litakuwa huria baada ya miaka minne. Hilo ni chanzo wazi kwa maana tuliyoieleza, na si chanzo huria. Tumeona mahali jina la masharti hayo likifasiriwa neno kwa neno kuwa "leseni ya chanzo cha biashara", na msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba ni kibali cha kuanzisha duka.

Neno leseni lenyewe ndilo lenye hatia kubwa hapa. Kwetu leseni ni cheti kinachotolewa na mamlaka, kwa ada, kwa muda, kwa mtu mmoja aliyetajwa jina: leseni ya udereva, leseni ya biashara. Msomaji aliyezoea hizo hufikiri kwamba leseni ya programu ni ushahidi wa kulipa, au ni kitu cha kwenda kukiomba, kama alivyoandika mfasiri wetu kwamba ofisi "itaipata". Kumbe hii ni kauli ya mwenye hakimiliki, aliyoiandika mara moja na kuuambia ulimwengu mzima: fanyeni hiki, msifanye kile. Haombwi wala hatii sahihi. Na kwa kuwa ni kauli yake, aweza kutoa kauli nyingine juu ya toleo lijalo. Asichoweza ni kuifuta kauli aliyokwisha itoa juu ya toleo lililopita. Kila kitu katika habari ya HashiCorp kimo ndani ya sentensi hizo mbili, na neno leseni halidokezi hata moja kati yake. Twapendekeza ruhusa ya mwenye haki, au kwa kifupi ruhusa, na neno leseni waachiwe madereva. Twajua kwamba pendekezo hili lina upinzani hata katika chumba chetu wenyewe, kwani leseni limekwisha ingia katika mikataba mingi.

Kwa sababu ruhusa ya zamani haifutiki, watumiaji wa Terraform waliichukua ile ya mwisho iliyokuwa huria wakaiendeleza wenyewe. Mwezi wa Septemba 2023 mradi wao uliingia chini ya Linux Foundation kwa jina la OpenTofu. Jina ilibidi liwe jingine, maana ruhusa ilihusu msimbo, na alama ya biashara ilibaki kwa kampuni: hicho nacho ni katika vilivyobakizwa. Wasomaji waliopata kutumia Jambo OpenOffice, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, wamekwisha pitiwa na jambo la aina hii pengine bila kujua. Programu ile iliweza kutiwa Kiswahili kwa sababu ilikuwa huria, na mwaka 2010, baada ya mwenye haki kubadilika, wengi wa waundaji wake waliondoka na msimbo wakaanzisha LibreOffice.

Tendo hili tuliite nini? Wengine husema tawi. Tawi la benki na tawi la chama huwa chini ya makao makuu, na OpenTofu haiko chini ya mtu wa HashiCorp. Isitoshe watunga programu wanalihitaji neno tawi kwa jambo jingine la kila siku. Wengine husema uma, wakiliona neno la Kiingereza wakakumbuka chakula. Mmoja wa vijana wetu alipendekeza mchepuko, akanyamaza mwenyewe kabla hatujamaliza kucheka. Twaona neno lipo, nalo ni la zamani: panda. Njia panda ni mahali njia inapogawanyika. Panda ya mti ni mahali shina linapotoka mikono miwili, na hakuna awezaye kusema mkono upi ni mti na upi ni tawi. OpenTofu ni panda ya Terraform. Pingamizi lililopo ni kwamba msomaji atalidhania kitenzi, na pingamizi hilo si dogo. Aliye na neno bora na atuletee.

IBM ilitangaza kuinunua HashiCorp mwezi wa Aprili 2024 kwa dola bilioni 6.4, na ununuzi ukakamilika Februari 2025. Siku waliyoingoja wenye mtaji ilikuwa imepita sokoni mwaka 2021. Hii ilikuwa ya pili. Mafundi wa ofisi zilizoitumia zana hiyo kwa miaka mingi bila kulipa waliamka na kumkuta mwenye haki mwingine, nao sharti wajue wamo katika toleo lipi na chini ya ruhusa ipi.

Rasimu tuliirudisha kwa wenyewe. Katika ukurasa wa kwanza tulifuta maneno "ni za bure" na mahali pake tukaandika: "Msimbo wa baadhi ya zana hizi ni huria na wa nyingine ni wazi, kwa mujibu wa ruhusa ya kila toleo iliyotajwa katika kiambatisho, na kwa zile zinazozitoza ada asasi za serikali, fungu lililotengwa ni". Mbele ya neno "ni" tuliacha nafasi tupu, kwa kuwa kuijaza si kazi ya wanaistilahi.